Haya ni ya mtihani tu

Foleni ya kliniki ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ilikuwa imepinda kona ya jengo wakati tabibu aliyekuwa akiita majina aliponitazama mara ya pili, akaweka kalamu mezani na kusema, "Mwalimu, shikamoo." Nilikuwa nimemsindikiza dada yangu na mwanawe wa miaka 6. Nilishika chupa ya maji na kadi ya kliniki, bila habari kwamba msichana aliyekuwa akikaa dawati la pili upande wa dirisha, katika darasa nililolifundisha miaka 14 iliyopita, ndiye sasa anayewahudumia watoto kama mpwa wangu.

Nilimwitikia, tukaulizana habari za nyumbani, kisha akataka kujua kama nakumbuka nilichowaambia siku ya somo la mageuko, yaani namna viumbe vinavyobadilika vizazi kwa vizazi. Nikasema nakumbuka. Nilidanganya.

"Ulituambia, 'Haya ni ya mtihani tu. Andikeni mfaulu, kisha kila mtu arudi kwenye imani yake.'"

Aliitamka kwa sauti yangu kabisa, pamoja na kikohozi changu cha kabla ya neno "kisha," akacheka bila kinyongo chochote, halafu akamgeukia dada yangu na kuanza kazi yake.

Hizo ni wiki saba zilizopita.

Sentensi moja ya Kiswahili

Nilifundisha biolojia kwa miaka 11 mkoani Mara kabla ya kuacha chaki. Kama ilivyo katika sekondari zetu, kipindi kilikuwa cha Kiingereza: maelezo ubaoni kwa Kiingereza, maswali kwa Kiingereza, na wanafunzi wakinakili kwa mwandiko mzuri mambo ambayo wengi wao waliyaelewa nusu nusu. Kiswahili tulikiweka kwa ajili ya mambo yenye uzito. Nani hajaleta mchango. Kesho mje na mafagio. Fulani amefiwa, tukamzike baba yake.

Kwa hiyo niliposhusha chaki siku ile na kusema kwa Kiswahili kwamba haya ni ya mtihani tu, darasa lilielewa kwamba mwalimu ametoka kwenye somo na sasa anasema kweli. Ndivyo ninavyoielewa leo. Wakati ule nilidhani natania kidogo ili kulainisha hewa.

Mada ile ilichukua vipindi vingi, nikachora mifupa ya mkono wa binadamu, bawa la popo na kikono cha nyangumi kwa chaki za rangi tatu, nikaeleza safari ya Charles Darwin, mwenye nadharia hiyo ya mageuko, kisiwa kwa kisiwa, na bado sentensi aliyoondoka nayo mwanafunzi wangu bora ilikuwa ile pekee niliyoisema kwa lugha ya nyumbani.

Mungu ndani ya orodha

Waliosoma biolojia ya kidato cha nne katika mtaala nilioufundisha mimi wataikumbuka orodha. Mada ya mageuko ilifunguliwa na nadharia za asili ya uhai, na ya kwanza ubaoni ilikuwa ile ya uumbaji maalumu, ikifuatwa na ile inayosema kwamba uhai hujizukia wenyewe kutoka katika vitu visivyo hai, kisha ile ya uhai uliofika duniani kutoka anga za mbali, mpaka kuifikia ile ya mabadiliko ya kikemikali. Kila moja ilikuwa na hoja zake na udhaifu wake, na kila udhaifu ulikuwa na alama yake.

Nataka hili lieleweke, kwa sababu mjadala huu ukizungumzwa kijuujuu huonekana kana kwamba shule zetu zilimfungia Mungu nje ya maabara. Sivyo. Uumbaji uliingizwa darasani, ukapewa namba moja, kisha ukasahihishwa kwa kalamu nyekundu.

Udhaifu wa kwanza niliouandika ubaoni ulisema kwamba nadharia hiyo haiwezi kuthibitishwa kwa majaribio. Kijana mmoja, mtoto wa mchungaji, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo Mungu amefeli?"

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Mimi nilitazama saa, nikakohoa, nikasema ile sentensi.

Kwa miaka mingi, kila nilipokumbuka kipindi kile kwa mbali, nilijiambia kwamba niliheshimu imani za watoto. Wiki hizi saba zimeniondolea faraja hiyo. Niliisema kwa sababu sikuwa na jibu, na kwa sababu mkutano wa wazazi ulikuwa wiki iliyofuata.

Jibu lilikuwepo, tena karibu, katika namba mbili ya orodha ileile. Dai la kwamba uhai hujizukia lilikuwa dai la kisayansi hasa, kwa kuwa lilikubali kupimwa: mwaka 1668 Francesco Redi alifunika vyombo vya nyama kwa kitambaa chepesi na funza hawakutokea juu ya nyama, na karibu miaka 200 baadaye Louis Pasteur akachemsha mchuzi ndani ya chupa zenye shingo ndefu iliyopinda, mchuzi ukakaa bila kuoza. Dai likashindwa, na kushindwa kwake kukatufundisha kitu. Maneno ya kwamba Mungu aliziumba mbingu na nchi hayakuwahi kuingia katika chumba hicho cha mtihani. Kuyaandika juu ya dai la funza, kisha kuyakata alama kwa kukosa majaribio, ni sawa na kumnyima mshairi alama kwa sababu shairi lake halikuonyesha njia ya kukokotoa.

Ningemwambia yule kijana kwamba Mungu hakufeli, bali sisi ndio tuliomsajili kwenye mtihani usio wake.

Karatasi ya Dover

Kuna hoja niliyoipenda nikiwa mwalimu kijana, na bado naisikia kwa watu ninaowaheshimu: wafundishwe yote mawili, wachague wenyewe. Ina sura ya haki. Hata hukumu ya baraza la wazee husikiliza pande mbili.

Baada ya siku ile ya kliniki nilirudi kusoma namna Marekani walivyopambana na hoja hiyo. Mwaka 1981 jimbo la Louisiana lilitunga sheria ya kwamba shule inayofundisha mageuko ifundishe pia "sayansi ya uumbaji," na mwaka 1987 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaifuta kwa majaji saba dhidi ya wawili, kwa kuwa katiba yao hairuhusu serikali kusukuma dini. Neno uumbaji likaondolewa mezani, na mahali pake pakaja "msanifu mwenye akili," yaani dai kwamba viumbe vilisanifiwa na akili fulani isiyotajwa jina. Oktoba 2004 bodi ya shule ya Dover, mji mdogo katika jimbo la Pennsylvania, ikaamua kwamba wanafunzi wa biolojia wajulishwe jambo hilo, na Novemba ikatangazwa kwamba watasomewa tamko. Wazazi 11 wakaenda mahakamani.

Kesi yenyewe ina visa vingi. Mashahidi walionyesha rasimu za kitabu cha kiada kilichopendekezwa na bodi, ambamo maneno ya uumbaji yalikuwa yamebadilishwa mara tu baada ya ile hukumu ya 1987, na mahali pamoja mhariri alikuwa amebandika maneno mapya katikati ya neno la zamani bila kulifuta lote. Profesa Michael Behe, shahidi wa upande wa bodi, alikubali alipohojiwa kwamba kwa maana pana ya sayansi aliyoitumia yeye, unajimu nao ungehesabiwa. (Nilimfikiria bibi mmoja wa mtaani kwetu anayesoma nyota za wachumba, angefurahi sana kuitwa mwanasayansi.) Tarehe 20 Desemba 2005 Jaji John E. Jones III, Mkristo aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, alitoa hukumu ya kurasa 139 na kusema wazi kwamba hiyo haikuwa sayansi.

Hata hivyo, kilichonikamata hakikuwa hukumu. Kilikuwa lile tamko lenyewe.

Lilikuwa fupi. Liliwaambia wanafunzi kwamba watafundishwa nadharia ya Darwin kwa sababu viwango vya elimu vya jimbo vinadai hivyo na mtihani upo, kwamba nadharia hiyo si jambo la hakika, na kwamba mjadala wa asili ya uhai shule inawaachia wanafunzi na familia zao. Walimu wa sayansi wa Dover walikataa kulisoma, na Januari 2005 viongozi wa elimu wakalazimika kuingia madarasani kulisoma wenyewe.

Nililisoma mara tatu. Mtihani upo. Si jambo la hakika. Rudini nyumbani kwenu mkalijadili.

Walimu wale waliweka kazi zao rehani ili wasiseme sentensi ambayo mimi niliisema bure, bila kuamriwa na bodi yoyote, na nikaita heshima.

Nadharia na vitendo

Sehemu ya tatizo, naamini, imo katika neno lenyewe. Kwa Kiswahili cha kila siku nadharia ni mwenzake vitendo, na katika jozi hiyo nadharia ndiyo dhaifu: fundi aliyemaliza chuo bila kushika spana huambiwa ana nadharia tupu. Mtoto aliyekua na neno hilo akiambiwa "nadharia ya mageuko," husikia jambo la makaratasi ambalo halijawahi kufanya kazi popote. Kwenye sayansi neno hilohilo hubeba mzigo mwingine: ni maelezo yaliyounganisha mambo mengi yaliyoonekana na kupimwa, na yanayoweza kuangushwa na jambo moja la kweli litakalokataa kuingia.

Cha kushangaza, tunao mfano wa namna ya kulifundisha neno hili vizuri, nao uko katika somo la Kiswahili. Kila mwanafunzi wa sekondari hukutana na nadharia za chimbuko la Kiswahili: kwamba ni Kiarabu, kwamba ni pijini au krioli, yaani lugha iliyozaliwa kwa mchanganyiko, kwamba ni Kibantu. Mwalimu huandika hoja na udhaifu, kama nilivyofanya mimi. Ila hafiki mwisho akasema chagueni. Hukiri wingi wa maneno ya Kiarabu, kisha huonyesha ngeli, viambishi vya vitenzi na msamiati wa msingi, hulinganisha na Kizaramo, Kisukuma au Kikurya, na ushahidi huamua. Sijawahi kumsikia mwalimu wa Kiswahili akifunga daftari na kuwaambia watoto kwamba huu Ubantu ni wa mtihani tu.

Mfano huo ungenisaidia pia na lile swali la kila mwaka, ambalo zamani nililichukulia kama utundu: kama binadamu alitokana na nyani, mbona nyani bado wapo? Hakuna anayeuliza mbona Kikurya bado kipo ikiwa Kiswahili ni Kibantu. Wote wanajua kwamba hizo ni lugha ndugu, na kwamba mama yao hazungumzwi tena na mtu yeyote, ingawa watoto wake wanatuonyesha alivyokuwa. Binadamu hakutokana na nyani wa leo, wala na sokwe wa Gombe ambao Jane Goodall alianza kuwafuatilia mwaka 1960. Sokwe ni binamu. Babu yetu wa pamoja aliishi mamilioni ya miaka iliyopita, naye hakuwa sokwe wala binadamu.

Na kwa mfano wa viumbe sikuhitaji kisiwa cha mbali. Shule yangu ilionekana kutoka ziwani. Wanafunzi walivua furu kwa ndoana za pini, wakajua kwa macho kwamba huyu ana taya la kusagia konokono na yule ana meno ya kukwangua mwani. Ziwa Victoria lina, au lilikuwa na, spishi zaidi ya 500 za furu, nyingi zikiwa hazipatikani mahali pengine duniani, kabla sangara hajazimeza nyingi kati yake. Wanasayansi walipochimba tope la sakafu ya ziwa walikuta dalili kwamba lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita. Utitiri ule wa maumbo ulijitokeza baada ya maji kurudi. Nilikuwa na ndoo ya ushahidi nje ya dirisha, nami nikachora shomoro wa visiwa vya Galápagos, wale wa Darwin.

Benchi la mbele

Nimekulia katika kanisa la Kimennonite, na Jumapili hukaa benchi la mbele na wazee wenzangu. Kwa hiyo mashaka yangu hayakuwa ya nje.

Nilichohofia ni kwamba mtoto akishaikubali miaka milioni, atamwacha Mungu. Wapo walioacha, sitajifanya kwamba hawapo. Lakini katika kesi ya Dover waliosimama upande wa wazazi ni pamoja na Kenneth Miller, mwanabiolojia Mkatoliki, na John Haught, mwanateolojia Mkatoliki. Na karibu karne kumi na sita kabla yao, Agostino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, aliwaonya Wakristo wasiongee upuuzi juu ya mbingu na nyota huku wakiyashika Maandiko mkononi, kwa sababu asiyeamini akisikia wamekosea katika mambo anayoyajua vizuri, hatawaamini katika habari za ufufuo. Hata Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya watu wa kale ambaye jina lake limefungamana na Olduvai, alizaliwa Kabete katika nyumba ya wamisionari na aliwahi kutaka kuwa mmoja wao.

Kwa Waislamu niliowafundisha swali halikuwa umri wa dunia, maana wengi hawakuwa na shida nao; lilikuwa Adamu. Ni swali zito, na lina mahali pake. Shule zetu zina vipindi vya dini, na kidato cha nne kina mtihani wa Elimu ya Dini ya Kiislamu na wa maarifa ya Biblia. Huko shehe na mchungaji wanaweza kulifungua kwa lugha yake, bila kulazimika kulivika koti jeupe.

Lakini upo uumbaji wa aina nyingine, unaodai kwamba dunia ina miaka 6,000 na kwamba tabaka zote za miamba ni matope ya gharika moja. Huu umeingia uwanjani kwa miguu yake. Ukitaka kuzungumzwa katika biolojia, uzungumzwe, kama tunavyozungumza juu ya funza wa Redi. Kule Laetoli, kusini mwa Olduvai, zamadamu walitembea juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua miaka milioni 3.6 iliyopita, na nyayo zao zilifunuliwa mwaka 1978. Dai linalokataa kwamba majivu yale yana umri huo lina deni la kueleza vipimo. Kulifundisha kama sayansi inayoshindana na nyingine sawa kwa sawa ni kuwaficha watoto kwamba mchezo ulikwisha zamani.

Mwaka 2006 Askofu Boniface Adoyo, wa Nairobi, alipinga hadharani namna Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalivyotaka kuonyesha mifupa ya mvulana wa Turkana, zamadamu wa kale, ile iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Wakati ule nilimcheka pamoja na walimu wenzangu, tukinywa chai. Sasa sicheki. Askofu alikosea, na makumbusho yalifanya vema kuiweka mifupa mbele ya watu. Lakini aliitazama mifupa ile kama kitu ambacho kikiwa kweli, kinadai jibu kutoka kwake. Mimi niliitazama kama alama nne.

Sijui kama ningethubutu kufundisha ninavyoandika hapa, katika kijiji kilekile, mkutano wa wazazi ukiwa wiki ijayo. Kuandika ukiwa umestaafu chaki ni kazi nyepesi.

Swali la dada yangu

Niliacha habari ya kliniki njiani. Dada yangu, baada ya kuelezwa juu ya maji, baridi na homa, alimuuliza tabibu swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu mtoto alipogundulika. Kwa nini ugonjwa huu uko kwetu hivi? Mbona kila ukoo wa kando ya ziwa unao?

Mwanafunzi wangu alivuta karatasi. Akachora chembe ya damu ya mviringo, na pembeni yake nyingine yenye umbo la mundu. Akaeleza kwamba mtoto akirithi jeni linaloleta umbo hilo la mundu kwa baba na kwa mama huugua kama huyu, na malaria kwake ni hatari zaidi, ndiyo maana asikose chandarua. Lakini anayelirithi kwa mzazi mmoja tu, kama dada yangu mwenyewe, malaria kali mara nyingi humshinda kumuua. Akasimulia kuhusu Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliyepima damu za watu wa pwani, wa kandokando ya Ziwa Victoria na wa nyanda za juu, na mwaka 1954 akaonyesha kwamba jeni hilo limejaa penye mbu na ni haba penye baridi. Vizazi kwa vizazi, alisema, watoto waliokuwa nalo moja walipona malaria wakakua, wakazaa, wakalirithisha.

Hakutaja neno mageuko hata mara moja. Alinitazama tu, mara moja, akaendelea kuchora.

Dada yangu alikaa kimya, mtoto akimvuta kanga. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ni Mungu aliyetupa, ili atukinge?"

"Dada, hilo kamuulize mchungaji wako, msikilizane naye vizuri," alijibu. "Mimi naweza kukuambia tu limefikaje hapa, na tumlinde vipi mtoto."

Akaandika tarehe ya kurudi kwenye kadi, akahesabu vidonge vya foliki mbele yetu, akamwita anayefuata.